Waziri Mkuu wa Kaloleni na Swali la Mama Dishon

Wazee wa kanisa, majirani wa Kaloleni, watu wa reli, wageni mliotoka Kiamaiko na Mowlem na nyinyi mliosafiri kutoka nyumbani, mimi ni Phelister, mke wa marehemu, na ndiye nitakayesoma, karatasi hizi nimeziandika mwenyewe kwa mkono wangu, na wengi wenu mnajua kwamba mwaka wa 1978 sikuweza kuandika hata jina langu, nilikuwa naweka kidole kwenye wino, kwa hiyo nikienda polepole mnivumilie, ni kwa sababu nasoma kila neno lililo hapa.

Shemeji yangu Gordon, ndugu mdogo wa marehemu, ndiye alikuwa asome kama ilivyo desturi, na ninamshukuru kwa kunipisha, lakini kuna sehemu alisema yeye angeiruka, kwa heshima ya marehemu, nami nikaona heri nisome mwenyewe ili isirukwe, kwa sababu marehemu aliniambia akiwa kitandani isirukwe.

Marehemu Nahashon Amolo alizaliwa tarehe 9 mwezi wa pili mwaka wa 1926, huko Asembo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita, baba yake alikuwa mjenzi wa nyumba za udongo na mama yake alifinyanga vyungu, na wote wawili walimtangulia. Aliingia shule ya misheni mwaka wa 1935 akasoma hadi darasa la nne, akatoka mwaka wa 1940 baba yake alipofariki, na wale waliosoma naye wanasema alikuwa mzuri wa kuimba na mbaya wa kunyamaza, mwalimu akiuliza swali yeye alikuwa anajibu hata kama hajui.

Alifika Nairobi mwaka wa 1944 akaandikwa kazi kwenye karakana ya reli, kwanza kupaka grisi, halafu kutoka mwaka wa 1951 akawa fundi wa breki za mabehewa, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 30 mwezi wa sita mwaka wa 1981, na mikono yake haikuwahi kutakata vizuri, hata leo mochari nimeona kucha zake bado ni nyeusi. Nyumba ya Kaloleni aliipata mwaka wa 1949, ndiyo hiyo mlango wake mnauona kutoka hapa ukumbini, wenye rangi ya kijani.

Tulifunga ndoa tarehe 12 mwezi wa kwanza mwaka wa 1952, kanisani, tukajaliwa watoto wanne, Mirriam aliyezaliwa mwaka wa 1953, mapacha Opiyo na Odongo waliozaliwa mwaka wa 1956, na Akinyi aliyezaliwa mwaka wa 1961. Odongo alifariki kwa surua mwaka wa 1958, hapa hapa Kaloleni, na tulikuwa hatuna njia ya kumfikisha nyumbani, ni majirani waliotupa gari na dereva, Waluo na wasio Waluo, na tuliporudi kutoka kumzika Amolo alisema hakuna mtu wa mtaa huu atakayelala kwenye udongo wa ugenini kama kuna mama anayemngoja, na hivyo ndivyo kilivyoanza chama chetu cha kusafirisha marehemu, mwaka wa 1959, na baadaye chama kikapata lori lake, nalo lori likawa na kazi moja tu.

Sasa nasoma sehemu ya Bunge.

Vijana wengine hapa hawajui kwa nini marehemu aliitwa Waziri Mkuu. Mwaka wa 1974 redio ilitangaza kwamba Bunge la nchi litaongea Kiswahili, na jioni wanaume wa mtaa wakawa wanakusanyika kwenye redio ya Amolo kusikiliza habari za Bunge, wakashangaa kwamba waziri mzima anasimamishwa anaulizwa barabara, anaulizwa maji, na lazima ajibu, na Ngui fundi wa viatu ndiye aliyesema, "Kumbe wakubwa wanaulizwa! Na sisi huyu mwenyekiti wetu mbona hatumuulizi?" Amolo alicheka akasema, "Niulizeni," na kuanzia hapo mkutano wa chama wa Jumamosi ukaitwa Bunge. Cheo walibishania sana, Rais ilikuwa haiwezekani, Rais ni mmoja na hakuna aliyetaka matata, lakini Waziri Mkuu katika nchi kilikuwa kiti kisicho na mtu, basi wakasema hakuna atakayekasirika, wakampa Amolo.

Spika alikuwa Mzee Lusweti, aliyekuwa gadi wa treni, yuko hapa, na zile bendera zake za kazini ndizo zilizoongoza Bunge, akiinua ya kijani unaongea, akiinua nyekundu unakaa. Sheria ilikuwa hivi, swali lianze na maneno "Je, Waziri Mkuu ana habari," na Waziri Mkuu asimame mbele ya meza, asikae mpaka amejibu, na baada ya jibu mwulizaji ana swali moja la nyongeza, na nyongeza watu waliielewa upesi, kwa sababu kila mama hapa akinunua nyanya soko la Burma hatoki bila nyongeza, na mara nyingi ile ya nyongeza ndiyo nyanya nzuri.

Mpinzani mkubwa alikuwa Gachanja wa makaa. Kwao ni karibu, hakuwa na marehemu wa kusafirisha mbali, alijiunga kwa ajili ya maswali tu, na yeye mwenyewe hakatai. Siku moja aliuliza, "Je, Waziri Mkuu ana habari kwamba lori la chama linakohoa kuliko nyanya yangu?" na Amolo akajibu, "Bwana Spika, nina habari, na tofauti ni kwamba lori likikohoa halilaumu wakwe," watu wakacheka mpaka Lusweti akainua zote mbili, nyekundu na kijani. Ilikuwa hivyo. Kulikuwa na kicheko kingi. Na Amolo alijifunza maneno yote ya mawaziri kutoka redioni, "jambo hilo linashughulikiwa," "uchunguzi unaendelea," na lile alilolipenda kuliko yote, waziri akiulizwa kama ana habari ya jambo, anasimama anasema, "Bwana Spika, sina habari," halafu anakaa.

Kulikuwa na kijana anaitwa Dishon, mtu wa Butere, umri wake miaka ishirini na sita, alikuwa anachuna mbuzi Kiamaiko kwa Batulo, yule mama mfanyabiashara wa mbuzi, ambaye pia yuko hapa leo na ninamshukuru kwa kuja. Dishon alikuwa mwanachama wetu. Aliugua tumbo, akafariki hospitalini Jumatano tarehe 5 mwezi wa saba mwaka wa 1978, na Alhamisi asubuhi Batulo alikuja mlangoni kwetu, akamkuta Amolo anavaa viatu vya kazi, akamwambia, "Mzee, nimekuletea habari, Dishon ameaga, mama yake nimempelekea telegramu Butere, anakuja, mumngoje." Amolo akasema, "Nimesikia, mama."

Jioni ya siku hiyo Amolo aliiambia kamati kwamba kijana hana kwao kunakojulikana na mochari haitaki kukaa naye, heri azikwe Lang'ata, na Spika Lusweti hakuwepo, alikuwa likizo kwao, na wengine wakakubali kwa sababu Amolo hakuwa amewahi kuwaambia kitu kisicho cha kweli. Dishon alizikwa Lang'ata Ijumaa tarehe 7, watu walikuwa wachache. Jioni ya Ijumaa hiyo lori la chama liliondoka Nairobi likaenda Asembo na mabati ya nyumba yetu.

Mimi nilikuwa Asembo. Tulikuwa tunajenga, kuta zimesimama na mvua inanyesha ndani, na Jumamosi jua likiwa juu nikaona lori la chama linaingia bomani, nikashtuka kwanza, nikafikiri limeleta maiti, halafu nikaona mabati yanang'aa, nikapiga kigelegele, na majirani wakatoka wakapiga nao. Ndiyo nyumba tunayompeleka leo.

Mama Dishon alifika Nairobi Jumanne tarehe 11, na treni ya Butere, akiwa na shati jeupe alilolipiga pasi na kulikunja ndani ya gazeti, la kumvisha mtoto, na Batulo alimpokea stesheni na ndiye aliyelazimika kumwambia. Mtu aliyekuwepo alisema mama hakulia, aliuliza tu shati aliweke wapi.

Jumamosi tarehe 15 walikuja hapa, yeye na Batulo, wakakaa nyuma na wanawake, nami nilikuwa nimesharudi kutoka nyumbani, nilikaa benchi la mbele yao. Asiye mwanachama haruhusiwi kuuliza, kwa hiyo Gachanja ndiye aliyesimama, na siku hiyo hakufanya mzaha, alisema, "Je, Waziri Mkuu ana habari kwamba marehemu Dishon alizikwa mama yake akiwa njiani anakuja?" Amolo akasimama, akashika kona ya meza, akasema, "Bwana Spika, sina habari."

Wanaume wengine walitikisa kichwa kukubali, kwa sababu lilikuwa jibu la Bunge lenyewe, limetoka sawa kabisa na redioni. Lakini nyuma yangu Mama Dishon alisimama. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Amesema nini? Amesema hana habari?" Lusweti akainua bendera nyekundu, na mama hajui bendera, akamwambia, "Teremsha hicho kitambaa, baba, naongea," na watu wawili watatu wakacheka. Akasema, "Mwanangu amekufa, mimi namuulizia, na wewe unasema huna habari naye? Kama mbuzi?"

Amolo akaona limekwenda vibaya, akasema, "Hapana mama, si hivyo, hiyo ni lugha ya Bunge, kusema sina habari maana yake sikuarifiwa." Mama Dishon akamwangalia, akamwonyesha Batulo kwa mkono, akasema, "Huyu alikuarifu mlangoni kwako. Sasa chagua, baba. Kama umesema kwa lugha ya kwetu, umemdharau mtoto wangu. Kama umesema kwa lugha yako ya Bunge, umedanganya. Chagua moja."

Hakuchagua. Gachanja akasema, "Bwana Spika, nyongeza yangu nampa huyu mama," na Lusweti akafikiri, kisha akainua ya kijani, na Mama Dishon akauliza nyongeza yake, maneno matatu, "Lori lilikuwa wapi?" Amolo akasema uchunguzi unaendelea. Gachanja akamuuliza, "Unaendelea na nani, na dereva?" na hakuna aliyecheka. Amolo alibaki amesimama mbele ya meza, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja kwenda kupika, na mwishowe Spika akakunja bendera zote mbili akasema swali liko pale pale mpaka Jumamosi ijayo.

Wiki hiyo alikwenda kazini na kurudi. Alikula kidogo. Alhamisi akiwa ameketi kitandani alinipa mgongo akaniuliza, "Phelister, siku ile lori lilifika wakati gani?" nikamwambia jua lilikuwa juu. Akauliza, "Ulipiga kigelegele?" nikasema nilipiga. Akalala na viatu.

Jumamosi tarehe 22 ukumbi ulijaa mpaka dirishani. Amolo alisimama, hakungoja Gachanja asome swali, akasema hivi, nayaandika kama alivyoyasema, "Bwana Spika, nina habari. Nilikuwa na habari tangu Alhamisi asubuhi, mama Batulo aliniambia mlangoni. Dishon alikuwa na kwao na nilijua ni Butere. Lori lilibeba mabati yangu. Kama ningemngoja mama yake lori lingekwenda Butere na mabati yangekaa."

Kelele za siku hiyo mnazikumbuka. "Toka! Toka!" Ngui alirusha kofia. Amolo alisema basi anaweka cheo chini, watafute mwingine, akavua beji ya chama akaiweka mezani, na watu wakasema ndiyo, aende, na hapo ndipo Mama Dishon alisimama tena na safari hii Lusweti hakuinua kitu. Alisema, "Asitoke. Akitoka nitamuuliza nani? Mtaniletea mwingine, nimuulize, aniambie yeye hakuwepo. Huyu alikuwepo. Akae hapo hapo nimuulize."

Hivyo alibaki Waziri Mkuu, na si kwa sababu walimsamehe.

Walijaribu kumtoa Dishon kule Lang'ata wampeleke Butere, Amolo mwenyewe alizunguka ofisi mwaka mzima kutafuta kibali, na kibali hakikutoka. Wazee wa Butere walimwambia mama wazike mgomba badala ya mwili, kama inavyofanywa mtu akipotea, na alikataa, alisema, "Mimi sikuzaa mgomba." Akaamua jambo lake. Kila mwaka, Jumamosi ya tatu ya mwezi wa saba, alikuja na treni, analala kwa Batulo, kwetu hakuwahi kulala wala kunywa chai na sikumlaumu, anaingia ukumbini, Gachanja anauliza swali, Amolo anasimama anajibu lote, kutoka Alhamisi ya mlangoni mpaka mabati, hapunguzi, halafu mama anauliza nyongeza. Nyongeza ilibadilika kila mwaka. Mwaka mmoja aliuliza nani alibeba upande wa kichwa, mwaka mmoja aliuliza kama ardhi ilikuwa na maji, mwaka mmoja aliuliza walimvisha nini, Amolo akasema shuka ya hospitali, na mama akaondoka bila kungoja Spika.

Wanachama wengine walichoka. Mwaka wa 1982 mmoja, simtaji, alisema, "Mama, si utosheke, jibu si ni lile lile?" na kabla mama hajajibu Amolo alisema, "Bwana Spika, swali liko sawa, naomba nijibu." Na kila uchaguzi wa chama ukija, Amolo alipita bila kupingwa, kwa sababu hakuna mtu aliyetaka kurithi swali lile. Toka siku ile ya mabati lori la chama halijabeba hata gunia la mahindi la mtu. Hayo pia ni kweli na ninayasoma.

Mimi nilianza ngumbaru, masomo ya watu wazima, hapa ukumbini mwaka wa 1979, pamoja na kina mama wengine kumi na mmoja, Amolo alikuwa ananifungulia mlango na kuwasha taa, na mwaka wa 1983 nilipata cheti, alikipiga msumari ukutani juu ya picha ya harusi. Hakunisaidia kusoma. Nilipomuuliza neno alikuwa anasema, "Lisome tena," basi.

Ugonjwa wa sukari uligunduliwa mwaka wa 1980. Mwezi wa kumi mwaka wa 1984 alipata kidonda mguu wa kushoto, kikakataa kupona, na mwezi wa pili mwaka wa 1985 mguu ulikatwa chini ya goti. Mwezi wa saba mwaka huo alikuja Bungeni kwa magongo. Mama Dishon alipomwona alisema, "Leo akae ajibu," na Amolo akakataa, Spika akamwinulia bendera nyekundu na bado akakataa, na Mama Dishon akasema, "Basi na mimi nitasimama," wakasimama wote wawili mpaka mwisho. Mwaka huo ndio pekee ambao hakuuliza nyongeza.

Baada ya Krismasi figo zilianza kushindwa. Alilazwa tarehe 20 mwezi wa pili mwaka huu wa 1986, na Ijumaa tarehe 14 mwezi wa tatu, Gordon akiwa ameketi upande ule na mimi upande huu, alisema, "Ukisoma, usiruke," nikasema sitaruka. Jumapili tarehe 16 nilifika na uji, nikaweka chupa chini, nikavua leso kichwani, muuguzi akaja akanishika mkono, na uji ulikuwa bado wa moto. Marehemu alikuwa na miaka sitini. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na ndugu zake wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wadi, hasa yule muuguzi wa zamu ya asubuhi ambaye sikumuuliza jina. Tunawashukuru majirani waliolala nje na sisi siku hizi zote, wanawake wa kanisa waliopika, wafanyakazi wenzake wa karakana waliotengeneza msalaba wa chuma, na Mzee Lusweti na kamati kwa lori, ambalo linaondoka saa nane, na Gachanja amepanda kukagua kama hamna kitu kingine ndani, hamna, ni jeneza na viti vya wazee.

Limebaki jambo moja nalo si refu. Bunge litachagua Waziri Mkuu mwingine mwezi wa tano. Juzi wazee wawili walikuja matangani wakaniambia kwa upole kwamba swali la Mama Dishon sasa limekwisha, kwa sababu aliyeulizwa amefariki na hakuna mwingine aliyefanya lile kosa, na mimi niliwasikiliza nikawapa chai, nikafikiri usiku. Nyumba yenye mabati hayo ni yangu. Kigelegele ni mimi niliyepiga. Kama kuna mtu wa Kaloleni ambaye hawezi kusema hakuwepo, ni mimi. Jana asubuhi nilimpelekea Mzee Lusweti karatasi ya kugombea, jina langu nimeliandika mwenyewe, herufi zote, na najua hakuna mwanamke aliyewahi kusimama mbele ya meza ile. Gachanja amesikia, ameniambia, "Mama Opiyo, ukishinda nitakuuliza mpaka utoe jasho, hakuna pole ya mjane," nikamwambia asante.

Mama Dishon, umefika asubuhi hii na treni, nimekuona umeketi pale na Batulo, nami sikujua kama utakuja. Mwezi wa saba usiache kuja. Nikikipata kiti nitajibu lote kama alivyojibu yeye, na nisipokipata, yule atakayekipata akisema hana habari, mimi nitakuwa nimekaa karibu na wewe, na nitainua mkono.

Nahashon, baba Opiyo, mume wangu, Mungu akupe pumziko lenye amani. Nimemaliza kusoma.